Nani Hakuja Jumapili Hii

Sadaka ikishakusanywa, katibu wa kanisa husimama na daftari lake. Husoma majina ya wanaotarajia kufunga ndoa, husoma siku ya mkutano wa akina mama na siku ya kufyeka uwanja, kisha hufika kwenye ukurasa unaowanyamazisha hata vijana wa viti vya nyuma. Wagonjwa. Mzee fulani wa ng'ambo ya mto amelazwa hospitali ya Wote, wodi ya wanaume. Mama fulani ameruhusiwa kurudi nyumbani ila hajaweza kutembea. Mtoto fulani wa kidato cha pili anasubiri upasuaji hospitali ya Kijabe, na malipo ya kwanza yanatakiwa kabla ya Ijumaa. Nambari ya simu ya mweka hazina husomwa mara mbili, polepole, ili walioketi mbali waiandike. Halafu mchungaji huwaombea wote kwa majina.

Nimeusikia ukurasa huo katika makanisa ya AIC (Africa Inland Church), ya Kianglikana, ya Kikatoliki na ya Kipentekoste, kuanzia Emali hadi Mwingi, na unafanana mno kuliko mafundisho yao yanavyofanana. Hakuna daftari lingine la afya kama hilo katika kata nzima. Zahanati humjua aliyefika zahanati. Chifu humjua aliyemletea shauri. Kanisa hukutana na watu walewale kila juma, tena kwenye viti vilevile, na hivyo huona pengo mapema. Kiti cha susu (bibi) wa mstari wa pili kikikaa kitupu Jumapili mbili mfululizo, yupo atakayeuliza.

Jambo ninalotaka kulitetea katika sura hii ni hilo swali. Ushirika huwafaa watu wake kiafya pale unapouliza mapema nani hakuja, kisha ukamtuma mtu akaangalie. Fedha na hospitali zina kazi yake, na tutazifikia. Lakini makanisa yetu ya Ukambani, yenye moyo mkubwa wa kutoa, mara nyingi hutoa wakati ugonjwa umeshakomaa, na hutoa haraka zaidi pale ugonjwa umeshamaliza kazi yake na lililobaki ni kununua jeneza.

Imani yenyewe iliingia Ukambani ikiwa mgonjwa. Mwaka 1891 Waskoti walioongozwa na Dkt. James Stewart walifungua kituo cha misheni Kibwezi, na malaria ikawaandama mpaka mwaka 1898 kazi ikahamishiwa Ukikuyuni kwenye baridi. Mwezi Oktoba 1895 Peter Cameron Scott aliteremka Mombasa na kundi dogo la Africa Inland Mission. Walitembea hadi Nzaui, katika Makueni ya leo, na kufungua kituo chao cha kwanza mwezi Desemba. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 1896, Scott alikufa kwa ile homa ya malaria inayogeuza mkojo kuwa mweusi. Alikuwa na umri wa miaka 29. Baadhi ya wenzake walimfuata kaburini, wengine wakarudi kwao, na ilikaribia misheni nzima kufa. Upande wa Kitui, Walutheri wa Kijerumani waliokuwa Ikutha tangu mwanzoni mwa miaka ya 1890 walijikuta katikati ya njaa kuu na ndui ya mwisho wa karne ile, na kituo cha kuhubiri kikawa pia mahali pa kugawa chakula. Tangu hapo ni vigumu kulitaja kanisa lililokaa Ukambani kwa muda mrefu bila kujikuta limeshika dawa, maji au unga mkononi.

Hospitali zilikuja baadaye na zilikuja na watu wenye subira. Ukiuliza Kitui Magharibi mtu alizaliwa wapi, usishangae akisema Muthale. Ukiuliza kusini, kule ambako barabara za vumbi huelekea mbuga ya Tsavo, utaambiwa Mutomo. Zote mbili ni hospitali za misheni za Wakatoliki, zilizojengwa na masista mahali ambapo serikali ilikuwa mbali na mvua ilikuwa mbali zaidi. Thamani yake ilionekana wazi madaktari wa umma walipogoma kwa siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, na wauguzi nao wakagoma kwa takriban miezi 5 mwaka huohuo. Kote nchini, hospitali za misheni zilipokea watu kupita uwezo wake. Nyuma yake upo mpango ambao waumini wengi hawaujui: tangu mwaka 1986 makanisa ya Kikatoliki na ya Kiprotestanti ya Kenya yana bohari moja ya pamoja ya dawa, MEDS, inayonunua kwa wingi na kupima ubora wa dawa kabla hazijafika kwenye zahanati iliyo mwisho wa lami.

Hata hivyo hospitali, hata iliyo bora, humngoja mgonjwa afike. Aliye kitandani kilomita 20 ndani ya Kyuso, ambaye nauli ya bodaboda ni fedha ya unga wa juma zima, hafiki. Hapo ndipo nguvu ya ushirika inapotakiwa kuonekana.

Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki na Kati, katika muongo wa 1970, waliamua kwamba kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo, familia chache za majirani zinazosali pamoja nyumbani. Makanisa mengine yana utaratibu wa aina hiyo kwa majina tofauti. Nia ilikuwa ya kichungaji, kusoma Neno na kusali. Lakini angalia jinsi inavyofanyika: sala huenda kwa zamu, nyumba hii wiki hii, nyumba ile wiki ijayo. Kwa mwaka mmoja kila mwanajumuiya ameingia katika kila nyumba. Ameona paa linalovuja. Ameona kuwa pipa la maji halina kifuniko, kuwa mtoto wa miaka 3 hajaanza kusema, kuwa baba mwenye nyumba amekonda na anakohoa. Hakuna afisa wa afya anayeingia nyumba zote hizo akikaribishwa kwa chai. Jumuiya inayosali macho yakiwa yamefumbwa halafu ikayafumbua vizuri imefanya zaidi ya nusu ya kazi.

Chukua presha, kwa mfano. Vijana wengi wa Kitui na Makueni wako Nairobi, Mombasa na Athi River, na wazee wamebaki na mashamba na wajukuu. Akina mama wawili wa kanisa wanamtembelea susu ambaye hajaonekana. Wanamkuta ameketi nje anachambua ndengu. Wanasalimiana, wanaulizana habari za mvua na za watoto, kisha mmoja anauliza kwa heshima:

"Mwaitu, dawa za presha bado ziko?"

"Ziko, mwanangu. Huwa nazimeza siku kichwa kikiuma."

Jibu hilo utalisikia katika nyumba nyingi. Bibi hadanganyi, wala hana uzembe. Anaitumia dawa ya presha jinsi alivyozoea kutumia dawa ya maumivu, tena anaibana ili idumu kwa sababu kliniki ni mbali. Lakini presha haina adabu ya kubisha hodi. Inaweza kupanda miaka mingi bila kichwa kuuma hata siku moja, kisha ikapasua mshipa wa ubongo asubuhi moja mtu akiwa kisimani. Mgeni mwenye maarifa kidogo ataomba aone pakiti, ahesabu vidonge vilivyobaki na atazame tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki. Vidonge vya mwezi vikiwa bado nusu baada ya mwezi kwisha, habari yote imejulikana hapo, na hakuna daktari aliyehitajika kuigundua.

Maarifa hayo kidogo yanapatikana. Tangu Septemba 2023 serikali ya Kenya imewapa wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 mikoba yenye mashine ya presha, kipimo cha sukari, kipimajoto na mizani. Katika vijiji vya Ukambani mhudumu huyo mara nyingi ni muumini wa kanisa fulani, na Jumapili yumo ndani ya ibada, mkoba ukiwa nyumbani. Kumwomba aje nao mara moja kwa mwezi, akaweka meza chini ya mti ibada ikiisha, hakuhitaji mfadhili wala azimio la sinodi. Kunahitaji mzee wa kanisa atakayelitangaza na karani atakayeandika nani alipimwa, kwa siri, daftari likae mikononi mwa mhudumu wala lisisomwe na katibu mbele ya watu. Nasisitiza siri. Nimewaona watu wakikwepa maombi ya wagonjwa kwa sababu hawataki kijiji kizima kijue wana nini. Orodha ya matangazo ni baraka kwa aliyevunjika mguu. Kwa aliyepatikana na virusi vya Ukimwi au kifua kikuu inaweza kuwa hukumu.

Kwamba kanisa linaweza kugeuza tabia ya watu kuhusu afya si ndoto. Katika jimbo la Enugu, Nigeria, watafiti waliyagawa makanisa 40 mafungu mawili. Fungu moja liliandaa sherehe za kuwaombea na kuwatuza zawadi wajawazito, na papo hapo wakapimwa mambo kadhaa pamoja na Ukimwi. Matokeo yalitolewa mwaka 2015: katika makanisa yenye sherehe, wajawazito 92 kati ya 100 walipimwa virusi vya Ukimwi, katika yale mengine, 55. Wataalamu walioletwa kutoka nje hawakuwa wengi. Kilichofanya kazi ni kwamba mama alipimwa kati ya watu waliokuwa wakimwimbia.

Ukambani una sababu yake chungu ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Mwaka 2004, kuanzia mwezi Aprili, watu wa Makueni, Kitui na wilaya jirani walianza kufika hospitalini macho yakiwa ya manjano na matumbo yamejaa maji. Walikuwa wamekula mahindi yao wenyewe. Mavuno yalikuwa yamenyeshewa, yakaingizwa nyumbani yakiwa na unyevu kwa hofu ya wizi na ya njaa, na ukungu ukatengeneza sumu ya aflatoksini isiyoonekana wala kuondoka kwa kupikwa. Hadi tarehe 20 Julai wagonjwa 317 walikuwa wamehesabiwa, na 125 kati yao walikuwa wamekufa. Makanisa yaliwazika, kama yanavyozika siku zote. Familia ilikula chungu kimoja, kwa hiyo nyumba nyingine zilipoteza zaidi ya mmoja.

Kinga yake inaweza kufundishwa kwa dakika 10 mbele ya madhabahu siku ya sadaka ya mavuno, na ningependa kila mchungaji wa Ukambani aijue. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa. Tia chumvi kavu kidogo, ongeza mahindi, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu na hayafai kuwekwa ghalani. Yaanikwe tena, juu ya turubai, mbali na udongo. Chumvi ikianguka chini yote, yako tayari kwa gunia. Maofisa wa kilimo wamekuwa wakilieleza hili kwa miaka mingi katika mikutano inayohudhuriwa na watu 20. Ibada ya mavuno huhudhuriwa na watu 200, na kila mmoja amekuja na debe lake la mahindi.

Sasa fedha. Mkamba alijua kusaidiana kabla ya kanisa kuja: mwethya, watu kuitana wakalima shamba la mmoja au wakajenga nyumba ya mwingine, ndio mtindo uliochimba matuta ya milima ya Mbooni na Kilungu. Harambee ya kanisa imesimama juu ya msingi huohuo, na M-Pesa imeipa miguu. Mtu akilazwa, kundi la WhatsApp linafunguliwa kabla ya jioni, walio Nairobi wanatuma, walio Doha na Riyadh wanatuma. Ni jambo zuri na nalipenda. Lakini lina kasoro ambayo lazima isemwe: mchango hufuata umaarufu. Mwalimu mstaafu mwenye watoto wanne mjini huchangiwa kitita kwa siku moja. Mjane anayekaa nyuma kabisa, asiye na simu ya intaneti wala mtu wa kumsemea, jina lake husomwa, watu husikitika, na kikapu hurudi na noti za hamsini.

Ndiyo maana naamini kamati za maslahi za makanisa zingefanya vema kuhamisha sehemu ya juhudi yake kutoka kwenye bili hadi kwenye bima. Makueni inajua faida ya kulipa kabla. Mwezi Oktoba 2016, chini ya Gavana Kivutha Kibwana, kaunti ilianzisha MakueniCare: familia ililipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti, na waliopita umri wa miaka 65 hawakulipa chochote. Na mwanasiasa wa Kitui, Charity Ngilu, akiwa Waziri wa Afya, ndiye aliyepeleka bungeni mwaka 2004 mswada wa bima ya afya kwa Wakenya wote, ambao Rais Kibaki hakuutia saini. Leo bima ni ya SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii), iliyochukua nafasi ya mfuko wa NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Asiye na mshahara hukadiriwa kulingana na hali ya nyumba yake, na kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Kwa kawaida huhitajika alipe ya mwaka mzima pamoja, yaani si chini ya shilingi 3,600 kwa mkupuo.

Mkulima wa ndengu hana shilingi 3,600 mwezi Agosti. Anazo Februari, mvua za vuli zikiwa zimejibu na mnunuzi akiwa amefika na mizani yake. Mwenye maembe ya Makueni anazo msimu wa maembe. Kanisa ndilo linalojua kalenda hii kwa kuwa sadaka yake hupanda na kushuka nayo. Kikundi cha watu 30 kinachoweka shilingi 100 kila juma kina zaidi ya shilingi 150,000 kwa mwaka, na hizo zinatosha kulipia kima cha chini kwa familia zote 30 na bado zibaki za wajane kumi wasioweza kuchanga. Hesabu hiyo haihitaji mhasibu. Najua SHA ina matatizo yake. Hospitali za misheni zimelalamika hadharani kuhusu madai yasiyolipwa, na mgonjwa mwenye kadi bado anaweza kuambiwa alipe mfukoni. Lakini mgonjwa asiyekuwa na kadi anaambiwa hivyo kila siku.

Yapo maradhi ambayo daftari la matangazo haliyataji kabisa. Hutasikia katibu akisoma kwamba mzee fulani hajalala kwa miezi mitatu, wala kwamba binti fulani aliyejifungua Januari hataki kumshika mtoto wake. Husemwa kwa chini kuwa ana mapepo, au amerogwa, au imani imepungua. Katika muongo wa 2010, taasisi ya utafiti wa afya ya akili inayohusishwa na Profesa David Ndetei na Profesa Victoria Mutiso ilifanya kazi Makueni kwa njia ambayo wengi hawakuitarajia. Waliwaketisha pamoja wauguzi, wahudumu wa jamii, waganga wa kienyeji na wachungaji wanaoombea wagonjwa, wakawafundisha kutambua unyogovu kwa maswali machache na kumpeleka mgonjwa zahanati, ambako muuguzi alikuwa amefundishwa kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Mchungaji hakuambiwa aache kuomba. Aliombwa aombe, kisha ampeleke mtu kliniki. Taarifa zao zilionyesha kuwa waliopitia mpango huo walipata nafuu ya dalili.

Naona hekima kubwa katika mpango huo kwa sababu uliheshimu mahali watu wanakoanzia. Mama wa Kathonzweni ambaye mwanawe ameanza kusikia sauti haendi kwanza kwa daktari wa akili. Hata angetaka, yuko wapi? Anamwendea mchungaji usiku. Mchungaji akijua maswali ya kuuliza, usiku huohuo umeokoa miezi. Akiwa hajui, kijana atafungwa kamba na kufungishwa mfungo wa siku saba.

Kuhusu kujiua, makanisa yetu yana deni. Kwa miaka mingi wachungaji wengi waliikataa maiti ya aliyejiua, familia ikazika bila wimbo, na wajane wakabeba aibu ambayo haikuwa yao. Sheria ya Kenya nayo ilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, mpaka Mahakama Kuu ilipotamka mwezi Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai kinakiuka katiba. Mahakama imetangulia. Kila baraza la kanisa linaweza kukaa Jumatatu hii na kuamua kwamba nyumba iliyofikwa na msiba huo itaimbiwa kama nyumba nyingine yoyote, na kwamba waliobaki watatembelewa mara nyingi zaidi, maana hatari hukaa katika nyumba hiyo kwa muda.

Korona ilitupima kwa namna ya ajabu. Makanisa yalifungwa Machi 2020. Yalipofunguliwa mwezi Julai, kwa masharti ya baraza la viongozi wa dini lililoongozwa na Askofu Mkuu Anthony Muheria, aliyewahi kuwa askofu wa Kitui, ibada iliruhusiwa watu 100 kwa saa moja, na wenye zaidi ya miaka 58 wakatakiwa kubaki nyumbani. Lilikuwa agizo la busara, liliokoa maisha. Lakini kwa mara ya kwanza wazee wote walikosekana kwa amri, na swali la nani hakuja likakosa maana. Makanisa yaliyokuwa na jumuiya hai yaligawana majina ya wazee na kuwapigia simu. Yaliyokuwa na ibada kubwa peke yake yalijua habari za wazee wake siku za mazishi, yenye waombolezaji wachache.

Siwezi kuyapita makanisa yanayokataa hospitali. Kaskazini mwa Kitui na upande wa Tharaka wako wafuasi wa Kavonokia, ambao hawatumii dawa wala kuchanja watoto, na machifu wamewahi kuingia nyumbani mwao kuwachukua watoto wapewe chanjo kwa nguvu. Baada ya Shakahola mwaka 2023, ambako waumini walihimizwa kufunga hadi kufa na zaidi ya miili 400 ikafukuliwa, ni rahisi kutaka nguvu zitumike kila mahali. Mimi siamini kuwa hofu inaokoa watoto wengi. Jirani wa dhehebu jingine anayechota maji kisima kimoja na mama huyo, anayemjua mtoto kwa jina, ana nafasi ambayo askari hana. Na tusijidanganye kwamba mashaka yako kwao tu. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki wa Kenya walitilia shaka chanjo ya pepopunda iliyokuwa ikitolewa kwa wanawake, huku wizara, Shirika la Afya Duniani na UNICEF zikisema ni salama. Ugomvi wa juu namna ile hushuka hadi kwenye zahanati ya kijiji, na muuguzi ndiye anayeulizwa maswali kwa miaka.

Upande wa Kwa Vonza, Kitui, kuna kijiji kinachoonyesha jinsi kujali kunavyoweza kupangwa tangu mwanzo. Padre Angelo D'Agostino, Mjesuiti aliyekuwa pia daktari, alianzisha makao ya Nyumbani jijini Nairobi mwaka 1992 kwa watoto wenye virusi vya Ukimwi ambao hakuna aliyewataka. Baadaye akaona mabibi wa Ukambani waliozika watoto wao na kubaki na wajukuu bila shamba la kutosha. Halmashauri ya Kitui ilitoa ekari 1,000, na Nyumbani Village ikafunguliwa mwaka 2006, mwaka aliofariki. Susu au umau (babu) mmoja hukaa na watoto wapatao kumi katika nyumba moja, wengine wajukuu wake, wengine wa jirani aliyekufa. Bibi anapata wa kumchotea maji, mtoto anapata wa kumwamsha ameze dawa zake kwa saa. Wamisionari waliijenga, lakini wazo la kwamba mzee na yatima watunzane ni la Ukambani tangu zamani.

Bado hatujamtaja mtu mmoja ambaye daftari la katibu humsahau. Mchungaji wa kijiji huamshwa saa nane za usiku kumpeleka mgonjwa Makindu kwa gari la kuazima. Hukaa na wafiwa siku nne, akila wali wa matanga na soda, halafu Jumapili huhubiri akiwa hajalala. Hubeba siri za ndoa na za ugonjwa ambazo hana wa kumwambia. Siku meza ya presha inapowekwa chini ya mti, yeye ndiye ameshika kipaza sauti akiwahimiza wengine wapange foleni, na foleni inakwisha kabla hajaketi. Makanisa mengi madogo humlipa kutoka kwa sadaka, mwezi wa ukame humlipa kidogo, na SHA yake hakuna anayeiuliza. Baraza lililopata fedha za spika mpya linazo shilingi 3,600 za kumlipia yeye na familia yake, na linaweza kumpa majuma mawili kila mwaka ambayo simu ya msiba itapigiwa mzee mwingine.